Kanisa Limefikia kwa Nani? Uhakiki wa Fundisho la Bruno Gutmann juu ya Ujirani

1. Utangulizi

Mgeni aingiapo mjini huulizwa, "Umefikia wapi?" Naye hujibu, "Nimefikia kwa fulani." Jibu hilo lina uzito. Linamjulisha muulizaji kwamba mgeni huyu anaye mwenyeji. Kwamba usiku wa leo atalala chini ya paa la mtu, atakula chakula cha mtu, na akipatwa na neno yuko wa kuulizwa. Katika mikutano ya Kanisa tunalitumia neno hilo hilo kwa namna nyingine. Tunasema, "Tuwafikie watu wanaotuzunguka," na maana yetu ni kwamba sisi tunacho kitu ambacho wao hawana, nasi tutakipeleka hadi kiwafike. Katika usemi wa kwanza mwenye kufikia ni mhitaji. Katika usemi wa pili mwenye kufikia ni tajiri.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Namna tunavyolielewa neno "kufikia" ndiyo inayoamua tutafanya nini tutokapo nje ya ua wa kanisa, na watu walio nje ya ua watatuelewaje. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuhakiki fundisho moja lililozaliwa katika nchi yetu wenyewe, yaani fundisho la mmisionari Bruno Gutmann juu ya ujirani kama msingi wa kujenga usharika. Tumemchagua Gutmann kwa sababu mbili. Kwanza, alitambua mapema kwamba Injili ikifika mahali huwakuta watu ambao tayari wamefungamana. Pili, jumuiya za nyumba kwa nyumba tulizo nazo leo katika sharika nyingi zinafanana na utaratibu wake, kwa wema wake na kwa upungufu wake.

Hoja yetu ni hii: Gutmann aliona sawasawa kwamba ujirani ni zawadi ya Mungu iliyolitangulia Kanisa, lakini hakumwekea mgeni mahali pa kutosha katika ujirani huo. Kanisa la leo limeurithi upungufu wake kuliko lilivyourithi wema wake.

2. Gutmann na Usharika wa Old Moshi

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876. Alitumwa na Misioni ya Leipzig, ambayo ilikuwa imeanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, naye akafika mwaka 1902. Baada ya kuhudumu katika vituo vingine alikabidhiwa Usharika wa Old Moshi, huko Kidia, mwaka 1910. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliondolewa nchini pamoja na Wajerumani wenzake. Alirudi katikati ya miaka ya 1920 na kuendelea na kazi hadi mwaka 1938. Alifariki Ujerumani mwaka 1966.

Kazi yake ya kuandika ilikuwa kubwa. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Juzuu tatu za mafundisho waliyopewa vijana jandoni na majumbani zilitoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Lakini kitabu kinachotuhusu zaidi hapa ni kile cha mwaka 1925, alichokiandika akiwa kwao Ujerumani, ambacho kinaeleza jinsi ya kuujenga usharika kutokana na Injili.

Kwa ufupi fundisho lake lilikuwa hivi. Mungu hakumwumba mtu awe peke yake. Amemweka tangu kuzaliwa katika mafungamano ya asili, nayo ni matatu: ukoo, ujirani na rika. Mafungamano hayo si kazi ya wanadamu, wala si mambo ya kipagani ya kung'olewa ili Injili ipate nafasi. Ni vyombo ambavyo Mungu mwenyewe aliviandaa, na Injili ikija huvitakasa na kuvitumia. Kwa hiyo Gutmann alipinga desturi ya kumwondoa mwongofu kati ya watu wake na kumfanya mtu wa kituo cha misioni. Katika usharika wake wazee waliwajibika kwa majirani zao, na vijana wa kipaimara waliunganishwa wachukuliane maishani, kwa mfano wa udugu wa ngao uliokuwa ukijulikana katika malezi ya rika.

Fundisho hili lilisifiwa na kupingwa. Mpinzani mmoja mkubwa alikuwa mwanatheolojia Mholanzi J. C. Hoekendijk, ambaye mwaka 1948 alihakiki kwa ukali mawazo ya wanamisioni wa Kijerumani juu ya Kanisa na taifa, Gutmann akiwa mmoja wao. Tutarudi kwenye upinzani huo. Kwanza tuseme alichokiona vema.

3. Aliyoyaona vema

Jambo la kwanza ni kwamba Gutmann alikubali kufundishwa. Mtu hawezi kuandika juzuu tatu za mafundisho ya wazee bila kuketi miguuni pao miaka mingi, akiuliza na kunyamaza. Tunajua kwamba alikuja kama mtu wa misioni katika enzi ya ukoloni, na kwamba uwezo uliomzunguka haukuwa wa mgeni wa kawaida. Hata hivyo, katika kazi hii wazee walikuwa walimu naye alikuwa mwanafunzi. Alikuwa amefikia kwao, kwa maana kamili ya neno hilo katika lugha yetu.

Jambo la pili linaonekana katika mfano wa mfongo. Wakaao mlimani wanajua kwamba maji hushushwa kutoka juu kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, ikipita kihamba hata kihamba. Hakuna awezaye kuchimba mfongo peke yake wala kuutunza peke yake. Wenye mfongo huitwa kwenda kuusafisha, na asiyekwenda kazini huulizwa siku ya zamu yake ya maji. Mfongo haukumwuliza mtu kama amebatizwa. Aliyekwenda kanisani na aliyekwenda kutambika walinyweshea migomba yao maji yale yale. Hapo pana ujirani uliokuwapo kabla ya usharika, wenye sheria, wajibu na huruma yake. Anayetaka kuhubiri mahali kama hapo bila kwenda kuchimbua tope la mfongo pamoja na wenzake atasikilizwa kwa masikio tu.

Jambo la tatu ni la mafundisho ya Kilutheri yenyewe. Kila kijana wa kipaimara amejifunza katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana. Luther anauliza riziki ni nini, kisha anaorodhesha vitu vyote vinavyohitajika kwa maisha ya mwili, navyo ni pamoja na chakula, mavazi, nyumba, shamba na serikali njema. Karibu na mwisho wa orodha hiyo anawataja majirani wema. Tumekariri maneno hayo miaka mingi bila kuyasikia. Kwa Luther jirani amo ndani ya mkate wa kila siku. Sisi tunamwomba Mungu atupe majirani kama tunavyomwomba unga na mvua. Basi kabla jirani hajawa mtu wa kuhubiriwa, yeye ni kitu tulichopewa ili tuishi. Sisi ndio wa kwanza kupokea, tena tunapokea hata kwa jirani asiyeamini kama sisi, kwa maana Luther hakuandika kwamba jirani mwema ni yule wa dini yetu.

Gutmann aliyajenga mafundisho yake juu ya msingi huo wa uumbaji, na katika hilo tunamwunga mkono. Usharika unaosahau kwamba unaishi kwa wema wa majirani zake umesahau nusu ya ombi lake la kila siku.

4. Alipopungukiwa

Hata hivyo tunapomsoma leo tunaona upungufu ambao hauwezi kufunikwa kwa heshima tuliyo nayo kwake.

Kwanza, Gutmann aliyapenda mafungamano ya asili hata akakaribia kuyafanya kuwa ya milele. Aliiogopa miji, kazi ya ujira na maisha ya kisasa, kwa kuwa aliona vinamng'oa mtu katika shina lake. Hofu hiyo haikuwa bure. Lakini mtu aliyekwisha kung'oka alipewa nini? Kijana aliyekwenda kutafuta kazi mashambani au pwani, mwanamke aliyekimbia ndoa, mtu asiye na kihamba wala ukoo wa kumtetea, wote hao wako nje ya duara zuri ambalo Gutmann alilichora. Duara linaloanzia ukoo na ardhi lina joto kwa waliomo. Asiyekuwamo huiona tu moshi wa moto kwa mbali.

Pili, ujirani wenyewe unaweza kuharibika. Wazee wanaosimamia mfongo wanaweza kumnyima mjane zamu yake. Rika linaweza kumlazimisha kijana atende uovu ili asiaibike mbele ya wenzake. Dhambi imeingia katika mafungamano yote, na fundisho linalotilia mkazo uumbaji pasipo kutilia mkazo msalaba litashindwa kusema neno la kinabii siku ambayo majirani wote wamekubaliana katika ubaya.

Hapo ndipo upinzani wa Hoekendijk unapopata nguvu. Katika Ujerumani ya miaka ya 1930 lugha ya damu, ardhi na taifa ilitumiwa na watawala walioongoza nchi ile katika maovu ambayo ulimwengu haujayasahau. Mwaka 1934 Wakristo waliokusanyika Barmen walilazimika kukiri kwamba Kanisa lina Neno moja la kulisikiliza, naye ni Yesu Kristo, na kwamba hakuna chemchemi nyingine ya mahubiri yake. Hatumbebeshi Gutmann dhambi za watawala hao. Yeye aliwapenda watu wa Kilimanjaro na kuheshimu hekima yao. Tunachosema ni kwamba fundisho lake halikuwa na kufuli ya kutosha ya kuuzuia ukoo au taifa lisikikalie kiti cha Kristo.

5. Kibira na damu mbili

Jibu zuri zaidi kwa swali hili, kwa maoni yetu, limetoka kwa Mwafrika. Josiah Kibira, Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi tangu mwaka 1964, ambaye katika Mkutano Mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu, alichapisha mwaka 1974 kitabu juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu, akiangalia zaidi watu wake wa Buhaya.

Kibira hakuudharau ukoo. Aliujua kutoka ndani, jambo ambalo Gutmann, pamoja na bidii yake yote, hakuweza. Lakini Kibira alikuwa pia mtu wa Uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Buhaya. Katika Uamsho aliona undugu ambao haukutokana na damu ya ukoo. Watu wa koo mbalimbali, wa makabila mbalimbali, Mwafrika na Mzungu, walisimama pamoja, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao na kuitana ndugu kwa sababu ya damu ya Kristo. Ukoo ulitoa mfano wa jinsi ya kuchukuliana. Msalaba ulibomoa ukuta uliouzunguka ukoo.

Tukiwasoma wawili hawa pamoja tunapata picha iliyo kamili kuliko tukimsoma mmoja. Gutmann anatukumbusha kwamba usharika ambao hauna mizizi katika ujirani wa mahali pake ni mti uliochomekwa mchangani. Kibira anatukumbusha kwamba ujirani usiovukwa na damu ya Kristo unaweza kuwa boma la kuwazuia wengine.

6. Onyo la mwaka 1994

Kama kuna anayedhani kwamba maneno haya ni ya chuoni tu, na aikumbuke Rwanda. Nchi ile ilikuwa imejaa makanisa na wabatizwa. Tena ilikuwa nchi ya majirani waliokaa kilima kimoja, wakaazimana moto na majembe, wakaozana watoto. Katika majuma machache ya mwaka 1994 majirani waliwaua majirani, na mara nyingi ndani ya makanisa walimokimbilia. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Uamsho. Ni kweli kwamba wapo waamini waliokufa kwa kuwaficha majirani zao, na ushuhuda wao ni wa thamani kubwa. Lakini ukweli mwingine haufutiki: wala ujirani peke yake, wala ubatizo uliohesabiwa katika madaftari peke yake, haukutosha.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani siku moja. Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, ambalo kwa msaada wa Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilikuwa likifanya kazi nchini tangu mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa walioitikia. Kati ya wageni hao walikuwamo waliokimbia kwa hofu na walikuwamo waliokuwa na damu mikononi. Vijiji vya Ngara viliona miti yao ikikatwa na mashamba yao yakivamiwa, na bado vikawapokea. Ikiwa tunataka kujua maana ya kumwekea mgeni mahali, wakulima wa Ngara wana la kutufundisha, nao hawakujifunza katika semina yoyote.

7. Jumuiya zetu na ua wake

Sasa tuyatazame mambo ya nyumbani. Sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania zimegawanyika katika jumuiya zinazokutana majumbani, mara nyingi alfajiri kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini. Utaratibu huu ni mwema. Umewasaidia wagonjwa, umewafariji wafiwa, umewafundisha walei kulisoma Neno. Kwa sura yake ni mtoto wa fundisho la Gutmann, kwa kuwa jumuiya huitwa kwa jina la mahali.

Lakini ni nani aliye wa jumuiya? Jina ni la mtaa. Orodha ni ya washarika. Katika nyumba moja ya kupanga yenye vyumba sita, mwimbo wa jumuiya unasikika katika vyumba vyote, ila anayealikwa ni wa chumba kimoja. Mama wa chumba cha pili, Mwislamu, ndiye aliyemchotea maji mwenyeji wa jumuiya alipokuwa na homa. Kijana wa chumba cha tano, asiye na dini ijulikanayo, ndiye aliyekimbia usiku kutafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali. Hao ni majirani wema, ni riziki ya kila siku kwa maana ile ya Katekisimo. Katika taarifa ya mwaka ya usharika, hata hivyo, wanaonekana mahali pamoja tu: kama watu ambao "bado hawajafikiwa". Ukweli ni kwamba mshirika wetu ndiye ambaye zamani amefikia kwao.

Vivyo hivyo na mikutano ya hadhara. Hatuipingi, Injili haikuandikwa inong'onezwe. Lakini tunapoweka vipaza sauti uwanjani siku saba mfululizo hadi usiku, bila kwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa imamu na kwa mama mwenye mgonjwa karibu na uwanja, tunawafanya watu kuwa wageni katika mtaa wao wenyewe. Mgeni asiyebisha hodi hana tofauti kubwa na mvamizi, hata kama amebeba zawadi njema.

Tena ziko shule na hospitali zetu. Serikali ilipozitaifisha shule nyingi za makanisa kwa sheria ya mwaka 1969, wengi walidhani Kanisa limepoteza mlango wa kuingilia katika jamii. Baadaye makanisa yaliruhusiwa tena kujenga, nayo yamejenga kwa juhudi. Swali letu ni hili: mtoto wa jirani anayeuza mboga nje ya lango la shule ya Kanisa anaweza kusoma ndani ya lango hilo? Tunajua kwamba walimu hulipwa mishahara na kwamba umeme hauji kwa sala. Ada ni lazima. Lakini kama majirani wote wa shule wako nje ya ua na wanafunzi wote wametoka mbali, basi tumejenga mahali ambapo hatujafikia kwa mtu yeyote. Luther alipoandika dibaji ya utaratibu wa sanduku la pamoja la mji wa Leisnig mwaka 1523, aliunga mkono mpango wa mali ya Kanisa kuwahudumia maskini wa mahali pale pale, pamoja na shule ya watoto. Usharika ungeweza kuanza kwa kutenga nafasi chache kila mwaka kwa watoto wa mtaa unaoizunguka shule, na kuwashirikisha wazee wa mtaa katika kuwachagua.

8. Mgeni na jembe

Maandiko yanatuelekeza wapi? Katika Luka sura ya 10 Bwana anawatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba. Anawaagiza waingie nyumbani, wakae humo, wale na kunywa watakavyopewa. Waliotumwa kupeleka amani wanatumwa wakiwa na njaa. Hawakuagizwa kugawa kitu kwanza. Waliagizwa kupokea kwanza. Katika sura hiyo hiyo mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, na Bwana anamsimulia habari za Msamaria. Sisi tumezoea kujiweka katika nafasi ya Msamaria mwenye punda na mafuta. Lakini yule Myahudi aliyesikiliza angejiona kwanza katika mtu aliyelala njiani, ambaye uzima wake ulikuja kwa mkono wa mtu wa dini nyingine. Kanisa lisilojiona kamwe kando ya njia halijaisoma habari hiyo mpaka mwisho.

Hata Petro, baada ya kumhubiri Kornelio, alibaki kwake siku kadhaa (Matendo 10), na ndugu wa Yerusalemu hawakumlaumu kwa kuhubiri. Walimlaumu kwa kuingia na kula (Matendo 11). Walielewa kwamba hapo ndipo jambo kubwa lilipotendeka.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kuponywa kwa mwenyeji kunatangulizwa na mgeni kukubali kupokewa. Wakasema tena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mithali hii ya pili hutumiwa kwa mzaha kumsukuma mgeni mzembe, lakini ina heshima kubwa ndani yake. Anayepewa jembe amekubaliwa. Amekuwa mtu wa shamba lile. Hata hivyo jembe ni la mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeonyesha ni tuta gani litalimwa.

Kwa sharika zetu tunapendekeza maswali matatu yaulizwe kabla ya kuanzisha kazi yoyote ya kutoka nje. Nani ametukaribisha? Tumekwisha kupokea nini kwa watu hawa, na je, tumewashukuru? Nani kati yao atakayetuonyesha tuta? Usharika unaotaka kuchimba kisima ukiuliza maswali haya huenda ukaambiwa kwamba maji yapo, ila njia ya kwenda majini haipitiki kwa wazee. Hapo jembe limekwisha kutolewa. Kazi itakuwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa katika maombi ya msaada, na wafadhili huenda wasipige picha, lakini mtaa utajua ni nani aliyelima.

Wapo watakaosema kwamba tunaipunguza Injili iwe ujirani mwema tu. Pingamizi hilo ni la haki, na tumekwisha kuonyesha kwamba ujirani peke yake haukuiokoa Rwanda. Kristo lazima ahubiriwe kwa jina. Lakini Neno hilo lilipofanyika mwili lilifikia kwa watu: kwa Zakayo, kwa Martha na Mariamu, kwa Simoni Mfarisayo. Aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kabla ya kumwambia habari za maji ya uzima. Tukihubiri bila kuomba maji, tunahubiri tofauti na alivyohubiri yeye.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Gutmann aliuheshimu ujirani kama kazi ya Mungu, akasahau kuuwekea mlango. Tumeona kwamba Kibira aliuonyesha mlango huo katika damu ya Kristo. Tumeona pia kwamba jumuiya zetu zimechukua mipaka ya Gutmann bila masikio yake, na undugu wa Kibira bila ujasiri wake wa kuvuka.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi watakaokwenda sharikani baada ya masomo. Juma la kwanza msianze kwa kuhesabu ambao hawajafikiwa. Nendeni mkabishe hodi katika nyumba zinazouzunguka ua wa kanisa, za Wakristo na zisizo za Wakristo, mkaketi, mkanywe mtakachopewa, mkaulize historia ya mahali. Siku mtakapoulizwa na Askofu mmefikia wapi, mjibu kwa majina ya watu. Na mtu mmoja wa mtaa, hata asiyeingia kanisani, akija mlangoni penu asubuhi na jembe la pili mkononi, msimwambie kwamba leo mna kikao.